Miguu ya Jirani wa Chini

Jumamosi iliyopita treni za kwetu Rayners Lane zilikuwa zimesimamishwa, nikapanda basi, na basi likanipitisha mtaa wa Kilburn. Sikuwa na haraka. Nikashuka kwenda kuitazama nyumba niliyokulia. Mafundi walikuwa wameibomoa ndani yote, na ngazi yetu ya mbao, ile iliyolia kila tulipoikanyaga, imetupwa nje vipande vipande. Nikasimama kwenye manyunyu naitazama, mpaka fundi mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, hapa palikuwa kwetu.

Tulikaa juu kabisa: mama yangu aliyekuwa muuguzi, bibi yangu aliyeletwa huku ughaibuni kutoka Unguja aje kunilea, na mimi. Chini alikaa bibi mmoja wa Kichina na mwanawe, mpishi wa mkahawani. Iliki na samli zetu zilishuka, tangawizi na kitunguu saumu chao vikapanda, na harufu zote zikakutana katikati ya ngazi. Mpishi akituletea mikate ya mvuke, myeupe kama pamba, Bibi alirudisha sahani na vitumbua. Sahani ya jirani, alisema, hairudi tupu.

Jirani yule alikuwa na miguu midogo kuliko yangu, na mimi nilikuwa na miaka minane tu. Alivaa viatu vya watoto, vyeusi vya kamba, kama vyangu vya shule. Alitembea kwa visigino, mkono ukutani. Nilidhani amezaliwa hivyo. Juu kwetu hakupata kufika hata mara moja.

Asubuhi moja ya baridi, mama yuko kazini, Bibi alikuwa akikaanga sambusa. Ghafla akaanguka. Nilimwita, hakuitika. Nikateremka mbio, nikagonga mlango wa jirani kwa ngumi zote mbili. Mwanawe alikuwa ametoka. Akafungua yeye mwenyewe, akanitazama usoni, na kabla sijamaliza kusema akanisukuma kuelekea barabarani. "Simu! Nenda!" Kiingereza chake chote kilikuwa maneno machache kama hayo.

Nilipogeuka mlangoni nilimwona ameikalia ngazi, ameipa mgongo, anajinyanyua kwa mikono, kidato baada ya kidato, miguu ikimfuata.

Kibanda cha simu kilikuwa pembeni mwa barabara; nikaita gari la wagonjwa. Niliporudi, kiatu chake kimoja kilikuwa kimelala njiani kwenye ngazi. Jikoni kulijaa moshi. Mafuta ya sambusa, niliyoyasahau kabisa, yalikuwa yameshaanza kuwaka. Yeye alikuwa amezima gesi na kuifunika sufuria kwa sinia. Sasa amekaa sakafuni, kichwa cha Bibi mapajani, anamsugua mikono na kumsemesha kwa lugha yake, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kitambaa alichozungushia mguu kilikuwa na damu.

Ilikuwa sukari imeshuka. Hospitali walimtibu Bibi, na siku chache baadaye akarudi nyumbani. Akasimuliwa yote. Alipasha maji, akachukua beseni na chupa ya mafuta ya nazi, akaniambia, "Nifuate, mjukuu wangu. Leo utakuwa mdomo wangu."

Mpishi alikuwepo. Yeye alitafsiri Kichina kwa Kiingereza, mimi Kiingereza kwa Kiswahili, na maneno yakazunguka hivyo chumba kizima. Bibi alitaka kumwosha miguu; jirani alikataa kata kata. Hata marehemu mumewe hakuwahi kuiona miguu ile bila vitambaa.

"Mwambie," Bibi akasema, "mimi nimezalisha na nimeosha maiti. Hakuna mwili unaonitisha."

Basi jirani akaanza kufungua. Kitambaa kilikuwa kirefu, hakiishi. Kidole gumba kimebaki peke yake mbele. Vile vingine vimekunjwa chini ya wayo na kulala huko, na katikati ya wayo pamevunjika, pana ufa mkubwa. "Subhanallah," Bibi akanong'ona. Akauchukua mguu mmoja kwa viganja viwili, akautia majini.

"Muulize, nani alimfanya hivi?"

Jibu likaja kwa njia yake ndefu, mpishi akiniambia mimi. "Mama yake. Alifungwa miguu akiwa mdogo kuliko wewe. Msichana mwenye miguu mikubwa haolewi. Mama yake alikuwa akilia huku anafunga."

Bibi alikuwa na msemo wake, aliousema kila aliponisuka nikalia: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Siku ile aliuanza, "Mchelea mwana...", akaunyamazia. Sikumsikia akiusema tena.

Kisha akasema, "Mwambie na mimi nilipovunja ungo niliwekwa ndani mpaka harusi. Kwao walifunga mguu, kwetu walifunga mlango."

Jirani alicheka kwa mara ya kwanza, mkono mdomoni. Halafu akasimulia vita vilipoingia mjini kwao. Mume hayupo, nyumba inaungua. Alimfunga mwanawe mgongoni akatembea na wakimbizi, siku baada ya siku, kwa miguu ile ile, wenye miguu mizima wakianguka njiani.

Mpishi, mtu mzima na mwili wake mkubwa, alitafsiri mpaka mwisho, akajigusa kifua. "Mtoto yule," akasema, "ni mimi."

Tangu hapo Bibi alimwita "shoga yangu." Walikwenda sokoni pamoja, Bibi na buibui lake, yeye na koti lake la pamba, wameshikana mikono, na mabasi yakiwapita.

Wote wawili wametangulia. Binti yangu, nilipomsimulia, aliniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini mama wa jirani hakukataa kumfunga. Nikamtajia maneno ya mpishi, kwamba msichana mwenye miguu mikubwa hakuolewa. Desturi ile imekufa, na iende zake. Lakini nikipita Kilburn bado macho yangu yanawatafuta barabarani: wanawake wawili wanaokwenda polepole, na umati wote nyuma yao ukingoja kupita.