Mlango wa Uani wa Chupa ya Damu

Wenzake ofisini walimpachika jina Kufuli kwa sababu ya namna anavyoandika programu: kila kitu chake kina mlango mmoja. Katika programu ya benki ya damu aliyoijenga, chupa haiguswi ovyo. Ukitaka kuitoa unaiomba yenyewe, nayo, yaani rekodi yake ndani ya kompyuta, inajikagua kwanza: ni ya kundi gani, imeisha muda, imeshatengewa mgonjwa? Ikikataa, imekataa.

Asubuhi hiyo dada yake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alimpigia simu akihema.

"Wewe mdogo wangu, programu yenu ina wazimu? Mama wa watu yuko kwenye meza ya upasuaji. Chupa yake tuliitenga jana, naifuata naambiwa imeshakwenda wodi ya wanaume!"

"Haiwezekani, dada."

"Haiwezekani? Njoo uone mikono yangu ilivyo mitupu!" Akakata simu, akakimbilia kuazima damu hospitali ya jirani.

Kufuli alifungua msimbo wa programu, akapekua mstari kwa mstari. Mtu alikuwa ametoboa mlango wa uani: njia ya kubadili hali ya chupa moja kwa moja, bila kuiuliza chochote. Pembeni kaandika, "Kwa leo tu."

"Chapchap! Hii kazi yako?"

Chapchap, mwenzake wa meza ya pili, hakugeuza hata shingo. "Kaka, wageni walikuwa wanakuja kuona programu. Nilitaka waone chupa ikienda wodi ya wanaume, hiyo yako ikanigomea. Nikae niibembeleze kama mchumba?"

"Ilikugomea kwa sababu ilikuwa ya mtu!"

"Usinipandishie presha. Nitarekebisha."

"Lini? Baada ya mazishi?"

Bosi akachungulia mlangoni. "Jamani, sauti! Kufuli, iache hiyo njia mpaka wiki ijayo. Kurasa zote za Chapchap zinaitegemea."

Zote! Kufuli hakungoja wiki ijayo. Akaifuta njia ile. Papo hapo kioo cha kompyuta kikajaa makosa mekundu, kila mahali Chapchap alipopenya kinyemela. Yalikuwa mengi kuliko alivyoogopa. Akaizima programu nzima, akachukua simu.

"Dada, leo msiitegemee kompyuta, nimeizima programu. Kila chupa ikagueni kwa macho yenu."

"Nani kakuruhusu?" Bosi alifoka.

"Hakuna," alisema Kufuli. Akavuta kiti, akaanza kurekebisha kosa la kwanza.