Kimea cha Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Segese kwa harusi ya binamu yangu. Nilipoingia kanisani, jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kutazama karibu na mlango, kutafuta benchi. Halikuwepo. Kote kulikuwa na viti vya plastiki vya bluu, kila mtu na chake. Wewe, rafiki yangu, ungeona kanisa limependeza. Mimi niliona pengo, na ibada nzima nikawa simsikilizi mchungaji.

Benchi lile lilikuwa la waliotengwa. Lilikuwa refu, halina egemeo, limewekwa peke yake pale ambapo vumbi la malori ya mgodini liliingilia. Ukikutwa na dhambi iliyojulikana kwa wazee wa kanisa, ulikaa pale, Meza ya Bwana ikikupita, mpaka Jumapili uliyoitwa mbele uiseme dhambi yako kwa kinywa chako ndipo upokelewe. Dhambi ambayo wazee hawakuijua ilikaa mbele na mwenyewe, imevaa vizuri.

Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, alikaa benchi la kwanza. Alikuwa kiongozi wa akina mama, mkali, mwenye ulimi usiochoka. Nyumbani kazi yangu ilikuwa kimea. Tuliloweka mtama, tukaufunika kwa gunia mpaka ukachipua, kisha tukauanika kwenye mkeka, nami nikakaa na fimbo kuwafukuza kuku huku nikitafuna michembe, yale matobo ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mpaka leo harufu ile tamu ya mtama uliochipua ikinifikia popote, njaa inaniuma. Bibi alisema kimea ni cha togwa. Lakini togwa yetu ilikula bakuli mbili tu. Gunia lililobaki lilipita kwenye uwazi wa ua wa minyaa kwenda kwa jirani, na bibi hakuwahi kuuliza nyumba ya mama na binti mmoja inakunywa togwa kiasi gani.

Mume wa jirani alikuwa amefuata dhahabu huko Geita, akapotelea huko bila hata salamu. Mama wa watu akaanza kupikia pombe wachimbaji. Nani hakujua? Jioni nyimbo za wanywaji zilitufikia hadi jikoni. Siku kanisa lilipoamua atengwe, bibi naye alinyoosha mkono. Nikakatazwa kuvuka ua kwenda kucheza rede na binti yake, na akina mama wakaacha kwenda kuomba moto pale. Nililia sana siku zile, maana sikuwa na rafiki mwingine.

Jirani aliacha kupika pombe, akakaa kwenye benchi lile kiangazi chote, peke yake. Asubuhi ya Jumapili aliyoitwa mbele alikuja kwenye ua, akamwamkia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, mwanangu.”

“Leo ndiyo leo. Ulimi ukinigoma, mayu, mimi kanisani basi. Nimechoka kutazama migongo yenu.”

Bibi aliendelea kufunga kanga yake, akaifungua, akaifunga tena.

Kanisani jirani alisimama mbele. Mzee wa kanisa akamwambia, “Haya mama, sema tukupokee.” Akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Tulisikia bati la paa likilia kwa joto la jua. Mzee akarudia, “Sema, mama.” Jirani akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akageuka kuelekea mlangoni. Niliona binti yake akiinuka kumfuata, moyo ukanipasuka.

Ndipo bibi akasimama.

“Kimea kilikuwa changu,” alisema.

“Keti, mama. Si zamu yako.”

“Zamu yangu ilipita zamani, nikanyamaza. Huyu alipika, mimi ndiye niliyempa kimea. Nilijua kinakwenda wapi. Halafu nikanyoosha mkono atengwe, mkono huu huu uliompa gunia.”

Mzee wa kanisa alikuwa mtu wa sheria. Walinong'ona na mchungaji, kisha akatangaza kwamba jirani amepokelewa, kwa kuwa dhambi yake imeshasemwa, na bibi aende nyuma. Bibi, kiongozi wa akina mama, alitoka benchi la kwanza mpaka mlangoni, watu wakivuta miguu apite. Sijawahi kumwona akitembea polepole namna ile. Niliona aibu, nisikufiche. Jirani akaonyeshwa nafasi ya mbele. Aliitazama, akaipita, akaenda mpaka kwenye benchi la waliotengwa.

“Sogea, mayu,” akasema.

Bibi akasogea.

Jumapili iliyofuata seremala aliyelitengeneza benchi lile, na aliyekuwa mteja mzuri wa jirani, alikwenda kukaa nao bila kutumwa. Kisha mwenye duka, ambaye sote tulijua mizani yake. Kisha wengine, na baadhi yao nadhani walifuata tu upepo wa mlangoni. Mchungaji akaacha kuuliza nani yuko pale kwa haki. Mvua zilipoanza, katikati ya sala ya toba, benchi likavunjika. Walianguka wote kwa pamoja, bibi juu ya seremala, na bibi alicheka mpaka machozi. Kesho yake nilivuka ua kwenda kucheza rede, na hakuna aliyeniita nirudi.

“Kila chungu kina masizi, mjukuu wangu,” bibi alipenda kusema baadaye. “Kilicho jikoni hakionekani masizi kwa sababu kimeyakalia.”

Harusini jirani, sasa kikongwe mwenye fimbo, aliniletea kikombe cha togwa. Nilimwuliza mbao za lile benchi ziliishia wapi.

“Tulizipikia chakula msiba wa bibi yako,” alisema. “Ziliwaka vizuri.”

Nikanywa togwa yangu. Siku hizi hapa hakuna anayewekwa mlangoni, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Ila kila mtu anaingia, anakaa kwenye kiti chake, anaondoka na dhambi yake aliyokuja nayo, na jirani yake hajui. Nilitamani kumwambia yule mama neno lile alilomwambia bibi yangu. Lakini kiti cha plastiki ni cha mtu mmoja. Huwezi kumwambia mtu asogee.