Wamejaa Uwanjani, Lakini Wanakuja Kunicheka Mimi

Admini, nisitirie jina langu na la chuo, maana hapa Likasi watu tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, bado nasoma. Papa ni fundi kiwandani, mama anauza unga wa mahindi sokoni. Nacheza basketi katika timu ya wasichana ya chuo chetu, na ni hiyo basketi iliyonifikisha hapa, nawaandikia huku nalia.

Tangu nijiunge na timu tulikuwa tunacheza mbele ya mabenchi matupu. Wavulana wakimaliza mechi yao, watu wanainuka, wanakung'uta nguo, wanakwenda zao, na sisi ndiyo kwanza tunaingia. Redioni wanatangaza mpaka mazoezi ya wavulana. Sisi hatukutajwa hata siku tulipowafunga wasichana wa Lubumbashi kwao. Kapteni wetu, nimwite Nadeji, ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Alikwenda mara nyingi kumbembeleza mtangazaji wa michezo aje walau mara moja. Jibu lilikuwa lile lile: "Basketi ya banamuke, nani atasikiliza?"

Tulipofika fainali alikuja. Alikuja na kipaza sauti na simu ya kupiga video, na watu wakamfuata. Nilipoona mabenchi yamejaa, niliwapungia mkono hata watu nisiowajua. Mama alifunga meza yake mapema, akaketi mbele kabisa na kitenge chake cha kanisani.

Mechi ilikwenda bega kwa bega. Mwishoni tulikuwa mbele kwa pointi moja tu. Mpira ukagonga chuma, tukaugombania, kiwiko cha mtu kikanipata kwenye jicho. Nikaudaka. Nikageuka, machozi yananitoka, nikaona kikapu kiko wazi, nikafunga. Nikainua mikono juu. Nikashangaa, mbona wanaoruka ni wale wengine? Nilikuwa nimefunga kwenye kikapu chetu wenyewe.

Sijashusha hata mikono, mtangazaji akapaza sauti: "Ee bantu ba Likasi! Uyu mutoto amebapa kombe, na matabishi juu yake!" Kwa msiojua, matabishi kwetu ni ile nyongeza ambayo muuzaji anampa mteja bure. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilimtafuta mama kwa macho, nikaona amejifunika uso na kitenge.

Video ilifika nyumbani kabla yangu. Tangu siku hiyo sina jina jingine, ni Matabishi. Mwalimu mmoja akirudisha mitihani aliniambia mbele ya darasa, "Matabishi, kuya uchukue yako, usipe mwenzako." Sokoni wateja wanamwambia mama, "Ongeza, mama, si njo tabia ya nyumba yenu?" Naye anaongeza, macho chini. Papa naye, wenzake wa kiwandani walimwonyesha video ile wakati wa chakula. Aliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Jina yangu ilikuwa muzuri mu hii muji," akabeba sahani yake akaenda kula nje. Mpaka leo hanisemeshi.

Nikamwomba kocha nipumzike mechi iliyofuata. Akakubali. Lakini siku ya mechi watu walijaa kuliko fainali, wanaimba, "Tunataka Matabishi!" Kocha akanitazama, akawatazama wao, akaniambia nivue koti. Jicho bado lilikuwa limevimba. Kila nikigusa mpira walinyoosha vidole kwenye kikapu chetu, watu wazima na watoto, "Uku! Uku!" Siku hiyo nilifunga vizuri, tena sana, na tulishinda. Kila nilipofunga kunakotakiwa walinizomea. Jioni redio ilieleza vile watu walivyocheka. Kwamba tulishinda, haikusema.

Sasa mtangazaji ameahidi kuleta televisheni kutoka Lubumbashi Jumapili ijayo. Ana sharti moja: kabla ya mechi niingie uwanjani peke yangu, nirudie kile kikapu mbele ya kamera, kisha niinue mikono kama siku ile. Timu ilikaa bila kuniita, wakakubali wote. Aliyeniletea habari ni Nadeji. Alikuja na jezi mpya. Mgongoni, mahali pa jina langu, wameandika MATABISHI.

"Nadeji, weye pia?"

"Aba bantu banakuya juu yako," alisema. "Usipoingia, habarudi. Unataka tucheze tena mbele ya mabenchi?"

"Banakuya kunicheka."

"Bacheke, lakini bakuye! Wakati habakuwa banakuya, weye njo ulikuwa unalia kuliko sisi wote."

"Na kama ingekuwa weye?"

"Minye sikufunga kwetu," alisema, akaweka jezi kwenye kiti, akaondoka.

Nilijua mama atasimama upande wangu. Alikuwa mlangoni, amesikia yote. Aliniuliza tu, "Televisheni ya Lubumbashi, kweli?" Kesho yake nimekuta jezi imefuliwa, imepigwa pasi, imetandikwa kwenye kitanda changu.

Ndugu zangu, basketi naipenda, sijui kitu kingine ninachokipenda hivi. Nikikataa, wenzangu watarudi kwenye mabenchi matupu na watasema ni mimi niliyewaharibia tena. Nikikubali, Katanga nzima itanijua kwa aibu yangu, na nitakuwa nimeifanya kwa mikono yangu mwenyewe, safari hii nikiona vizuri. Niende Jumapili, au niache mpira kabisa? Msinifariji, nipeni shauri. Na kama kati yenu yupo aliyekuwa uwanjani siku ile akacheka, ninaomba yeye ndiye anijibu kwanza.