Rimu ya Lori na Ungo wa Maharage

Siku yangu ya kwanza kazini, Mbeya, miaka ya sabini, Ofisa Ustawi wa Jamii wa Mkoa alinipokea kwa swali. "Binti, unajua kunyamaza?"

Nikamjibu kwamba nina cheti. Akacheka mpaka akavua miwani. "Cheti kiweke kabatini. Mtoto aliyeumia moyoni usimhoji. Kaa naye tu."

Sikumwelewa mpaka nilipohamishiwa Iringa. Shule moja upande wa Ilula ilitaka kumfukuza Skola, wa darasa la tatu, kwa utoro. Kengele ikigongwa tu, mbio mashambani! Viboko havikusaidia. "Nakupa wiki mbili, dada," mwalimu mkuu akaniambia. "Akikimbia tena, jina nalifuta."

Mimi na ujuaji wangu nikamketisha Skola mbele ya fomu ya mahojiano. Swali la tatu, akajikojolea. Loo, niliona aibu! Fomu nikaichana. Tukahamia jikoni kwa mpishi wa shule, tukachambua maharage siku tisa bila kuulizana kitu. Siku ya kumi akasema mwenyewe, macho kwenye ungo: "Nyumba yetu ilipoungua, mama akiwa ndani, waligonga hivyo hivyo."

Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori. Kijijini kwao walikuwa wamegonga rimu kama hiyo kuita watu wauzime moto.

Nikamwomba mwalimu mkuu atumie ngoma.

"Shule nzima ibadili kengele kwa mtoto mmoja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Kwa huyo huyo mmoja."

Alininunia, lakini ngoma ikapigwa na Skola akabaki darasani. Baada ya masomo tulikuwa tukiisogelea rimu kidogo kidogo: kuitazama kwa mbali, kuishika, kuigonga kwa kidole. Kazini njia hiyo tuliiita kuzoesha.

Baadaye nilipelekwa Chimala, nikarudi Mbeya, na sasa nimestaafu. Vijana wenye shahada huniuliza tulitumia tiba gani. Nikiwajibu "maharage", wanacheka. Wacheke! Najivunia kazi yangu, wala sifichi.

Hawakumwona Skola muhula uliofuata, alipoomba mwenyewe kugonga ile rimu asubuhi badala ya ngoma. Aliigonga huku machozi yanamtoka, mpaka mwalimu mkuu akachomoka ofisini. "Basi, basi, tumesikia!"

Skola hakuacha. Aligonga mpaka aliporidhika, akaweka chini chuma cha kugongea, akatembea taratibu kwenda darasani.