Mlio wa Mota ya Waipa

Mume wangu aliunda baiskeli yake kwa vitu ambavyo wenzake walikuwa wameshamaliza kuvitumia. Baiskeli yenyewe, ndogo, ya kukunja katikati, ilishuka kwenye kontena la Japani pamoja na majiko, masofa na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Miaka ile ya ruksa ndivyo ilivyokuwa. Jana tulikuwa tunaomba kibali cha kununua baiskeli, leo tunachagua baiskeli kwenye rundo. Mimi ndiye niliyechagua. Niliikagua, nikaikagua tena, nikamwambia muuzaji kwamba kitu hicho ni cha mtoto wa chekechea na magurudumu yake yatamezwa na shimo la kwanza. Aliposhusha bei, nikamkanyaga mume wangu mguu ili alipe upesi, kabla yule bwana hajajiuliza kwa nini bado nimesimama pale.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari. Alifungua mota ya waipa, ile ya kufuta mvua kiooni, kwenye lori lililokufa, akaifunga nyuma ya baiskeli na kuipa mnyororo wake. Betri mbili za pikipiki zilikaa kwenye keria, ndani ya kisanduku cha mbao. Swichi ilikuwa ile ya taa ya chumbani: unabonyeza kama mtu anayetafuta viatu gizani, na baiskeli inaanza kupanda mlima. Nyumba yetu iko juu ya Makumira, upande unaoelekea Mlima Meru, na kule baiskeli za watu wengine hupandishwa kwa kusukumwa.

Ndani ya mota kulikuwa na gia, na gia hiyo ilikuwa na jino moja lililomeguka. Kwa hiyo ilitoa mluzi mwembamba, kisha tak. Mluzi, kisha tak. Ukiwa jikoni ulimsikia mwenye nyumba akiwa bado chini kwenye kona ya kanisa.

"Itengeneze basi," nilikuwa namwambia.

"Nitatengeneza ya kwangu nikimaliza za watu."

Za watu hazikwisha. Alikwisha yeye, kwa homa ya mapafu, mvua za masika. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na baiskeli ikabaki imeegemea ukuta wa jiko, imefunikwa kanga yangu.

Niliivumilia mpaka msimu wa mahindi. Nilikuwa nauza mitumba sokoni Kwa Mrombo, na kila jioni nilipanda ule mlima kwa miguu na furushi kichwani, nikipita mbele ya kitu chenye mota kilichojifunika kanga kama mgonjwa. Siku moja nikaifunua. Nikachaji betri, nikabonyeza swichi. Mluzi, tak. Majirani walitoka nje. Jirani mmoja, mama mtani sana, akashika kifua: "Yesu wangu! Nilijua marehemu anateremka!" Tangu siku hiyo baiskeli ikaitwa Marehemu. Watoto wakinisikia asubuhi walipiga kelele: "Pisheni, Marehemu anapita!" Nami nilipita, nimekaa wima, kitenge nimekibana vizuri.

Nikifika chini, barabara kuu, nilikuwa naikunja na kuipandisha kwenye gari la abiria.

"Mama, huo mzigo unalipiwa," konda aliniambia siku ya kwanza.

"Mzigo uko wapi? Huu ni mkoba."

"Mkoba una magurudumu?"

"Wa kwenu hauna?"

Abiria wakacheka, na gari likaondoka. Sikuwahi kulipia mkoba ule.

Nyumbani nilikuwa nimebaki na mama mkwe wangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mlango na dirisha alivitofautisha kwa upepo, lakini masikio alikuwa nayo yote. Jioni nikipita kona ya kanisa tu, alishika ukuta, akatoka, akafungua lango la mbao. Nikifika nilikuta liko wazi na yeye amesimama pembeni, shali mabegani, ukungu wa Meru unashuka nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

Kila jioni, karibuni. Mimi ni mtu ninayehesabu hata vifungo vya shati kabla sijalinunua, halafu navihesabu tena. Lakini neno lile sikulihesabu. Nilidhani ni heshima ya kule mlimani, kumpokea mke wao kama kundi la wageni.

Basi Marehemu akaanza kuchoka. Bawaba ya katikati ilipata ufa, nikawa nikipita kwenye mashimo baiskeli inataka kujikunja nikiwa juu yake. Betri nazo zilikufa njiani mara kwa mara. Nikaipeleka kwa fundi mmoja jirani na meza yangu Kwa Mrombo, mtu wa Tanga, mpole, ambaye hata akikudanganya anakudanganya kwa adabu.

"Dada yangu, aliyeunda hii alikuwa na akili nyingi na vifaa vichache," alisema.

"Sema bei. Sifa nitampelekea mwenyewe kaburini."

Tulikubaliana achomelee bawaba, aweke betri mpya, abadilishe raba za breki. Kisha akatoa mota nyingine chini ya meza, iliyotoka kwenye kiti cha umeme cha wagonjwa, nayo ya kontena. Akaiunganisha na betri. Ilizunguka. Niliinamisha sikio, sikusikia kitu.

"Paka akipita anapiga kelele kuliko hii," alisema. "Na kilima inapanda bila kuhema."

Bei aliyotaja ilikuwa ya mtu anayemwona mteja amependa. Nikaondoka. Nikarudi. Nikaondoka tena, kweli kweli, mpaka kwenye vitunguu, na hapo ndipo aliponiita.

"Basi niachie hiyo ya waipa, tutaelewana."

Hapa lazima nieleze. Mume wangu, fundi mwenyewe, ndiye aliyenifundisha kutowaamini mafundi. Kila akibadilisha kifaa alimkabidhi mteja kile kibovu mkononi, kwa kuwa kifaa kibovu kikibaki kwa fundi, wiki ijayo kitapakwa rangi na kuuzwa kwako tena. Nyumbani nilikuwa na kopo zima la vifaa vilivyokufa, ushahidi kwamba sijaibiwa. Lakini siku hiyo bei ilikuwa tamu. Nikamwachia mota. Nilitembea sokoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni ile nilipanda kilima kama moshi. Mbwa wa kwenye kona hakubweka. Jirani yangu mtani alikuwa anachambua maharage nje, na sikuonwa mpaka nilipomsalimia, akaruka. Nilikuwa nacheka peke yangu nilipofika kwenye lango.

Lango lilikuwa limefungwa.

Nikagonga. Nikangoja. Nikasikia mkono unapapasa ukuta taratibu, komeo likavutwa.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Aligeuza uso, sikio moja likielekea barabarani, akasubiri. Kisha akasema, "Karibu."

Karibu. Nilisimama na baiskeli mkononi, nikalihesabu neno lile. Nikalihesabu tena. Lilitoka la mtu mmoja.

Tulikula. Alipomaliza kunawa mikono ndipo aliponiuliza, polepole, kama anauliza chumvi ilipo: "Mke wetu, umemwacha wapi?"

"Nani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Najua amekufa. Udongo nilimwaga kwa mkono huu. Lakini jioni alikuwa anakuja na wewe mpaka langoni. Sikuwa naomba zaidi ya hapo."

Nje migomba ilikuwa inapigana na upepo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimepata punguzo nisilolitaka.

Asubuhi nilifika Kwa Mrombo kabla fundi hajafungua. Alipokuja na ufunguo alinikuta nimekalia gogo lake.

"Dada yangu, mota imesumbua?"

"Haijasumbua. Ndiyo shida yake. Nipe ile ya waipa."

Akakuna ndevu. Alikuwa ameshaifungua. Ilikuwa mezani vipande vipande: shaba ndani ya bakuli, kwa ajili ya wanaonunua chuma chakavu, na ile gia pembeni, na jino lake lililomeguka. Nikalivuta bakuli upande wangu.

"Shaba hujaikata?"

"Nilikuwa nakata leo. Sasa hivi."

"Rudisha kila kitu. Na uifunge kwenye baiskeli."

Alitaja bei. Nilikubali. Akanitazama kwa mashaka, akanisogezea kigoda. "Unaumwa? Hujaondoka hata mara moja."

"Funga."

Alifunga, nami nikamhesabia skrubu zikiingia, moja moja, kisha kwa kuzigusa tena. Alipofika kwenye gia akachukua nyingine, nzima, nyeupe. "Hii nakuwekea bure, Wallahi. Ile ina pengo."

"Usiguse jino."

"Dada, unanilipa ili nisitengeneze?"

"Ndiyo. Na usiponitengenezea vizuri pengo hilo, nitarudi."

Akatikisa kichwa, akalirudisha pengo mahali pake.

Nilibaki na bawaba iliyochomelewa, betri mpya, breki mpya. Jioni nilishuka kwenye gari pale Makumira, nikaikunjua, nikabonyeza swichi ya chumbani. Kwanza kimya. Kisha mluzi, mwembamba. Kisha tak.

Nilipanda polepole kuliko betri zilivyotaka. Ukungu ulikuwa chini siku hiyo, sikuona mbele zaidi ya gurudumu. Kwenye kona ya kanisa mbwa alibweka, akaacha, akabweka tena, kama aliyeona wa kwanza na kisha wa pili. Sikugeuka nyuma.

Lango lilikuwa wazi. Mama mkwe wangu alikuwa amejibana ukutani, shali mabegani, ameacha nafasi pana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema. "Karibuni."

Niliingiza baiskeli, nikaiegemeza. Kisha nikarudi langoni, nikashika komeo, nikangoja muda ambao mtu mmoja angehitaji kupita, ndipo nikafunga.