Mama Aliyefagia Kwenye Kona

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, mimi nitakungojea. Wengi wamekwisha kucheka: wateja wangu wa kusuka nywele pale Mabanga, papa mmoja, mzee wa shirika letu la kanisa, hata kaka yangu mkubwa, yaya Bahati mwenyewe, ambaye kesho yake kicheko kilimwisha akiwa kwenye usukani. Umemaliza? Basi sikiliza. Haya niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na jua lilikuwa bado halijazama.

Mimi ni mususi. Shule niliacha darasa la sita, tulipokimbia vita kwetu Masisi, ng'ombe tukawaacha mlimani na sufuria ikiwa bado kwenye moto. Mama yetu alikaa kambini Mugunga, chini ya bashi, yaani turubai, na mimi na mkubwa wangu, yaya Bahati, tukapata chumba Mabanga. Lakini usinihurumie, nakuomba, kwa sababu nilikuwa na ndoto yangu iliyonishibisha: kupiga foto za magari yanayokimbia. Apareyi, yaani kamera, niliachiwa na mteja mmoja aliyehamia Bukavu. Kioo chake cha nyuma kimepasuka pembeni, ila jicho ni zima. Sisemi foto ya gari lililosimama na bibi harusi ameliegemea, hiyo kila mutu anapiga. Nasema gari likiwa mbioni. Unalifuata na kiuno kama unacheza ngoma, unazuia pumzi, unabonyeza huku bado unazunguka, na gari linatoka safi, dunia yote nyuma yake imekuwa mistari. Ukikosea, dunia ndiyo inatoka safi na gari linakuwa uji. Za uji nilikuwa nazo nyingi.

Mashindano yenyewe yalikuwa nje kidogo ya mji, juu ya makoro, yale mawe meusi yaliyobaki volkano ilipotelemka ikafunika mtaa mzima. Vijana wa magaraje walisawazisha njia pale, wakaizungusha, na siku ya Mungu baada ya misa walishindana na magari yao ya kuungaunga. Njia ni nyembamba, kwa hiyo wanapita mmoja mmoja, saa ndiyo inaamua. Watu wa kambini walikuja kwa wingi, maana kucheka hakuna kiingilio.

Wiki ile kulikuwa na jambo. Patroni mmoja, tajiri wa malori, alisema atakuja kutazama, na atakayekuwa wa kwanza atapewa usukani wa lori lake moja. Yaya Bahati alikuwa na gari lake bovu la kushindania tu, lakini kwa kula alikuwa anaendesha moto, pikipiki ya mutu mwingine, mvua yake, vumbi lake. Akipata lori, mama anatoka chini ya bashi, tunapanga nyumba yenye mlango. Unanielewa? Mlango, wa kufunga na kufungua. Yaya hakuwa analala kwa kuwaza mlango huo.

Siku ya posho, yaani Jumamosi, jioni, nikaenda peke yangu kutafuta mahali pa kusimama kesho yake. Kuna kona moja ambapo gari linapunguza, linainama, na jua linalipiga ubavuni. Mahali pa foto ya maisha. Nikapiga magoti, nikaweka jicho kwenye apareyi.

Nikasikia ufagio. Shwaa, shwaa, shwaa.

Nageuka, naona mama mmoja wa makamo, kitenge cha maua, kitambaa kichwani, ameinama anafagia yale mawe meusi kwa bidii, kama mutu anayengoja wageni. Vumbi lilimpanda mpaka magotini.

"Mutoto, umepiga magoti katikati ya parsele yangu," alisema. Hakuwa mukali. "Kwenu munaingia hivyo, bila hodi?"

Je, niliogopa? Hata kidogo. Hapa kwetu mambo hayo ni ya kawaida. Volkano ikipoa, wenye parsele, viwanja vyao vya zamani, wanarudi, wanapima kwa hatua juu ya mawe, wanasema hapa ilikuwa sebule, hapa jiko, na wanajenga tena palepale. Parsele haifi kwa kufunikwa. Kwa hiyo nikasimama, nikarudi nyuma, nikapiga hodi mbele ya hewa tupu. Akacheka, akaitika karibu, akanionyesha jiwe la kukalia, eti ndicho kiti cha mugeni.

Tuliongea vizuri mno. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Masisi. Akauliza nani anafagia kule siku hizi. Nikasema sijui, labda majani yameshafunika yote. Akasema pole, na aliisema kama mutu anayejua uzito wake. Kisha akaanza kunitembeza, akionyesha kwa ufagio wake: pale muavoka, mparachichi wake, kule choo, niwie radhi, na hapa geti la kijani, ambalo marehemu bwana yake alilipaka rangi mwenyewe, iliyobaki akampaka mbuzi pembe ili isipotee bure. Nilicheka mpaka machozi.

Halafu akasimamisha ufagio.

"Mimi sikatazi mutu kupita," alisema. "Lakini magari haya yanapita ndani ya sebule yangu kama wezi. Hata kuku anasema kitu kabla ya kuingia. Kesho, mwenye kushika usukani apige hodi, angoje karibu. Asipopiga, nitafunga geti."

Nikamwahidi kuwaambia. Akafurahi, akasema nisiondoke, anaingia ndani kunichemshia chai. Na hapo, niamini, ndugu yangu, akaingia. Hapakuwa na nyumba. Aliingia ndani ya mawe, akishuka taratibu kama mutu anayeshuka ngazi za nyumba yake, miguu ikaisha, kitenge kikaisha, mwisho kitambaa cha kichwa. Nikasikia komeo chini ya nyayo zangu. Kisha harufu ya makaa yanayowashwa.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilikimbia. Kandambili moja ilibaki pale, nami sikuirudia.

Usiku huo nilimweleza yaya yote. Alicheka akashika mbavu, akaniuliza kama chai ilikuwa na sukari. Nikamsihi apige klaksoni, honi tu, kwenye kona, hiyo si ndiyo hodi ya shofere akifika getini? Akanikumbusha kwamba klaksoni ya gari lake ilikatwa waya tangu siku ilipolia yenyewe katikati ya maziko. Nikasema basi apunguze mwendo, atoe kichwa, aite. Hapo aliacha kucheka.

"Mudogo, nikisimama, lori linakwenda kwa mwingine," alisema. "Na mama atabaki kule. Unataka nimwambie nini? Kwamba nilikuwa nasalimia mawe?"

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na chumba chetu kilikuwa kidogo mno kwa haki mbili. Tukalala.

Siku ya Mungu, watu tele. Patroni amekaa kwenye kiti cha plastiki, mwavuli juu yake. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kona, na nikakuta nini? Kandambili yangu imeoshwa, imewekwa pembeni kwa adabu, kama viatu vya mugeni vinavyowekwa mlangoni. Nikaibeba mbio kuwaonyesha mashofere. Papa Deo, shofere wa teksi wa Majengo mwenye mdomo mrefu kuliko gari lake, akaishika, akainusa, akanirudishia.

"Binti wa foto, mwambie huyo mama yako wa mawe mimi napenda chai na mandazi," alisema. "Nakuja sasa hivi, na sipigi hodi kwa mukwe, sembuse kwa maiti."

Watu wakacheka, naye akaondoka wa kwanza, moshi mweusi nyuma yake. Tulimwona akiikata njia vizuri, na nasema ukweli, alikuwa fundi. Akafika kwenye kona. Gari likasimama. Halikupunguza: lilisimama, kwa kishindo cha bati kwa bati ambacho hata kule Mugunga nadhani walikisikia. Mbele yake palikuwa wazi. Hakuna jiwe, hakuna mutu, hakuna mbuzi. Tukakimbia. Papa Deo alitoka mwenyewe, mzima, damu kidogo puani, anazungukazunguka kama aliyepoteza kofia. Mbele ya gari palikuwa pamebonyea sawasawa, kama limegonga ubao mpana. Na kwenye ule mbonyeo, wote tuliona, kulikuwa na rangi ya kijani.

Watu wakasema ni ekseli imekatika. Wengine wakasema amelewa. Papa Deo hakusema kitu, na kwa Papa Deo hilo ndilo lilikuwa muujiza wa siku ile. Wakalisukuma gari pembeni, na kijana wa saa akaita jina linalofuata. Bahati.

Nilimtazama yaya. Uso ulikuwa umepauka kama unga wa muhogo, lakini alipanda garini, maana patroni alikuwa anatazama na mama yetu alikuwa amesimama katikati ya watu wa kambi, amevaa kitenge chake cha misa. Mimi, apareyi shingoni, nikafungua mlango wa upande mwingine nikaketi.

"Shuka," alisema.

"Sishuki."

"Unaongeza uzito, wewe."

"Basi endesha, uzito unachelewa."

Akaendesha. Kuona gari kwa jicho la apareyi ni jambo moja, kukaa ndani yake ni jambo lingine kabisa. Meno yangu yaligongana, mawe yalipiga chini kama mvua, na nilikuwa naomba Bikira Maria huku nacheka, sijui kwa nini. Kona ikaja. Nikatoa kichwa dirishani, nikaita hodi kwa sauti yote. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Ndipo nikakumbuka alivyosema: mwenye kushika usukani. Nikageuka nikamwambia, yaya, ni wewe. Sikupiga kelele, nilimwambia tu. Nilimwona akitazama mbele, akitazama patroni kule mbali chini ya mwavuli wake, akitazama mama.

Akakanyaga breki. Gari likateleza, likasimama. Vumbi likatupita likaenda zake. Na yaya yangu, kijana wa kifua kile, akasema kwa sauti ndogo kama ya mutoto aliyetumwa chumvi kwa jirani, "Hodi, mama."

Tulingoja. Usiniulize kwa muda gani, kwangu ilikuwa Kwaresima nzima. Kule nyuma watu walianza kupiga miluzi. Kisha, chini ya magurudumu, polepole, sauti ya mutu anayefuta mikono akija: "Karibuni, wanangu. Mupite." Na komeo likavutwa, na kitu kizito kikalia kwenye bawaba zake, kikafunguka. Yaya alisikia. Mpaka leo ukimuuliza anakataa kuzungumza, lakini alisikia, maana alisema asante mama huku anaingiza gia.

Saa ilituweka wa mwisho kabisa kati ya waliomaliza. Na unajua nani alishinda? Kijana mmoja mwembamba wa garaje ya Mabanga, aliyepita nyuma yetu mara moja, geti likiwa bado wazi! Hakupiga hodi wala nini, alipeperuka tu. Lori likawa lake. Yaya alikaa juu ya jiwe, kichwa mikononi, na mimi nilijua kwamba mlango wa mama umekwenda na lile lori. Nikaogopa kumkaribia.

Mama ndiye aliyemkaribia. Nikamweleza yote mbele ya yaya, kandambili, rangi, komeo, nikingoja acheke au alie. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia yaya maneno ambayo sikuyatazamia.

"Lori lina mwenyewe. Ungeligonga lile geti ukafa, mimi ningekaa kwenye nyumba ya mlango, mutoto wangu yuko wapi?" Akamfuta vumbi usoni kwa kitenge chake cha misa. Halafu akaniuliza, "Na huyo mama, ufagio wake ulikuwaje?"

Nikasema ulikuwa umekwisha, mfupi, wa kuinamia sana.

Wiki iliyofuata akasuka ufagio mpya, mrefu, wa majani magumu kama tuliyokuwa nayo Masisi. Tukaenda naye. Alipiga hodi, akauegemeza kwenye jiwe, akasimama kidogo. Tulipokuwa tunarudi aliuliza, bila kumuuliza mutu, kama na kwetu Masisi kuna mutu amepeleka ufagio. Yaya alimshika mkono mpaka Mugunga.

Huo ufagio unakwisha, ndugu yangu. Kila tukipita tunaukuta mfupi zaidi, ncha zimelika, na mama yetu anasuka mwingine. Nani anautumia? Na foto zangu za ile kona, nenda ukaone pale wanaposafishia foto Majengo, waliniambia apareyi ni mgonjwa. Gari linakuja na vumbi refu nyuma yake, halafu vumbi linakatika ghafla, sawasawa kama kwa ukuta, pande nne, mraba safi wa ukubwa wa parsele moja. Hazina uji hata kidogo. Ndizo foto zangu nzuri kuliko zote, na sizipunguzi pembeni ili mraba uonekane wote.

Siku hizi mashofere wote wanapiga klaksoni wakikaribia pale. Papa Deo anapiga kuliko wote, na anavua kofia pia. Yaya alinunua waya, akarudishia klaksoni yake, na bado anaendesha moto ya mutu, na bado tunatafuta mlango.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukija kwetu usitembee juu ya mawe meusi kama juu ya uwanja usio na mwenyewe. Piga hodi. Ukiitikiwa, usikimbie kama mimi, ngoja, kunywa chai, uje uniambie kama ina sukari. Na usipoitikiwa, zunguka. Njia ya kuzunguka ni ndefu, lakini haina geti.