Risiti Nilizozipiga Pasi

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kazi niliyoijua ni kupiga pasi. Tanga nilipiga pasi nguo za watu miaka mingi, kwanza kwa pasi ya makaa, baadaye ya umeme, na wanangu walikula kwa pasi hiyo. Nalisema hili mapema ili mtu asiniulize baadaye akili yangu ilikuwa wapi.

Doha nilikwenda kumlelea binti yangu mtoto. Alikuwa ameachika, mtoto ana miaka miwili, na yeye anauza vifaa vya hospitali, kutwa yuko barabarani na gari lake mwenyewe. Tulikaa Al Mansoura, vyumba viwili. Viza yangu ilikuwa ya kutembelea, kila ikikaribia kwisha inalipiwa, inaongezwa.

Mwaka mmoja kampuni yake ikafunga ofisi, wote wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani. Meza yake ikaingia chumbani kwangu. Nikamuuliza kama serikali itampunguzia kodi kwa gharama hizo, maana nilisikia kwingine wanafanya hivyo.

"Huku mshahara haukatwi kodi, mama. Watapunguza nini? Kampuni ndiyo inarudisha kidogo, ya chumba na ya gari. Ila wanataka ushahidi."

Pesa hiyo aliipangia viza yangu. Viza hulipwa yote mara moja; isipopatikana, mimi narudi Tanga, mtoto analelewa na mtu wa kulipwa kidogo kidogo.

Chumba kilikataliwa mwanzo kabisa. Mhasibu, Mmisri mmoja, alitaka picha. Akapelekewa. Kitanda changu kikaonekana, na kanga juu yake. Akapiga simu, binti yangu akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

"Chumba cha kazi ni cha kazi tu, dada. Huyu anayelala hapa ana cheo gani kwenu?"

"Mkurugenzi," binti yangu akamjibu.

Tulicheka, na chumba kikatoka kwenye hesabu. Likabaki gari.

Risiti za gari alizitupia kwenye mkoba, miezi mitatu: mafuta, tairi mbili, oili, betri. Zilikuwa zimekunjamana kama karatasi za kufungia karanga. Jumatano alizimwaga mezani, akasema mhasibu anazitaka kesho, Alhamisi, zikiwa zimebandikwa vizuri, na asiyepeleka kesho asahau. Akaenda kuoga.

Kwetu, Idi ikikaribia, mimi ndiye hupiga pasi noti za kuwapa watoto sikukuu. Noti mbovu inanyooka, mtoto anaipokea kama mpya. Nimefanya hivyo toka binti yangu huyo akiwa mdogo. Basi nikatandika taulo, nikazipanga risiti, nikafunika kitambaa cheupe, nikapitisha pasi. Sikuharakisha. Nilikandamiza kila pembe.

Nilipofunua zilikuwa nyeusi. Zote. Zimenyooka sana, nyeusi, hazina herufi hata moja. Nilidhani nimeziunguza, nikanusa. Hazikunuka moto.

Akatoka na taulo kichwani. Akashika moja, akaigeuza.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimezinyoosha."

"Karatasi hizi haziandikwi kwa wino. Ni joto ndilo linaloandika. Ukizitia pasi zinakuwa hivi." Akakaa kitini. "Mama, umenipigia pasi mafuta ya miezi mitatu."

Nilisubiri acheke. Alizipanga zote kama karata, akazifunga kwa mpira.

Asubuhi alizipeleka hivyo hivyo. Fundi wa tairi alimwandikia nyingine. Kituo cha mafuta, alikonunua pia oili na betri, walimwambia aliyelipa taslimu hana kumbukumbu kwao. Mhasibu alirudisha ya tairi peke yake. Haikufika nusu ya viza. Mshahara ulikuwa na kodi ya nyumba na maziwa ya mtoto, sikumwomba auguse. Alinikatia tikiti.

Siku zilizobaki nilipika, nilimwogesha mtoto, nilifunga sanduku. Watu huniuliza nilijisikiaje. Sikujisikia kitu. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Asubuhi ya safari nilimpigia pasi shati la kazi, maana angetoka uwanja wa ndege moja kwa moja kwenda kwa wateja. Akalivaa, akasema ahsante. Mwanamke aliyeajiriwa alikuwa ameshafika, mtoto yuko mapajani mwake anachezea funguo. Nikambusu mtoto kichwani, hakuinua macho kutoka kwenye funguo.

Tulipofika Al Thumama, kabla ya uwanja, gari liliwasha taa ya mafuta. Akaingia kituoni. Kijana wa pampu akampa risiti dirishani. Binti yangu aliishika, akaniangalia, akafungua pochi yake, akaiweka bapa, bila kuikunja, kati ya vitambulisho.

"Hivi ndivyo zinavyonyooshwa," akasema.

"Nimeona," nikamwambia. Tukaendelea.